Mlango Ulioonekana kwa Joto

Mwanangu Aline,

Jumapili, nilipoondoa mkono wangu ukutani na kwenye kioo cha kamera yako mkono ukabaki pale pale, vidole vya rangi ya chungwa vikififia polepole, nilicheka kama mtoto. Sijacheka tena tangu hapo. Nimekuwa mtu wa kuduwaa tu. Nateka maji naacha ndoo bombani, nabandika sufuria nasahau kuwasha moto.

Leo Jumatatu uko Bujumbura kufuata viza. Uliondoka alfajiri bila kuniaga, na sikulaumu. Utarudi jioni umechoka, na kesho asubuhi gari litakupeleka uwanja wa ndege. Nikisubiri kusema kwa mdomo nitaharibu, mdomo wangu unaujua. Ndiyo maana nimekaa hapa nyuma ya nyumba, karatasi magotini, jua bado liko juu ya ziwa, nikuandikie hata yale unayoyajua, kwa sababu nataka yakae mahali pamoja na yale usiyoyajua.

Mambo ya sweta, ya vidonge, ya kutembea na pasipoti kifuani, baba yako ameshakuimbia mpaka umeyakariri. Mimi siyarudii.

Wiki nzima nimehangaika kuelewa unakwenda kufanya nini hasa. Wenzangu sokoni, tukipanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wananiuliza, nami nawajibu kwa kujiamini, "Anakwenda Ujerumani kutengeneza darubini," halafu namwomba Mungu wasiniulize swali la pili. Wewe ulinieleza kwa chupa yangu ya chai. Ulisema kila kitu chenye joto kinatoa nuru ambayo macho yetu hayaioni, kuanzia jua mpaka kuku, na shuleni mliiita infraruji. Ulisema kuna nyota changa zimejificha ndani ya mavumbi huko mbali, nuru ya kawaida haitoki, lakini hii inapenya. Tabu ni kwamba chombo chenyewe cha kuipokea nacho kina joto. Kisipopozwa, kinajiona chenyewe tu. Kwa hiyo mnakifungia ndani ya chupa kama ile ya chai, ila kubwa kama chumba, mnanyonya hewa yote, kisha mnakipoza mpaka kufikia baridi ambayo hata hewa ingeganda.

Na kazi yako wewe ni nyaya. Kutoa habari nje kwa waya, bila waya uleule kuingiza joto ndani. Nilikuuliza, miaka yote hiyo ya kusoma ni kwa ajili ya nyaya? Hukukasirika. Ulisema, "Mama, waya mmoja mnene unatosha kuharibu kazi ya watu wote." Ukaniambia kupoza chombo kile ni shughuli ya siku nyingi, na mtu mwenye haraka akikifungua kabla hakijarudi kwenye joto la kawaida, unyevu wa hewa unakigandia na kukiua. Kikikamilika kitapandishwa mlimani huko Chile, jangwani, mahali pakavu kabisa, kwa kuwa mvuke wa maji unaziba ile nuru. Niliangalia ziwa letu nikashangaa kwamba mtu aliyelelewa kwenye mvuke huu wa Tanganyika ndiye atakayetafuta ukavu mpaka upande wa pili wa dunia. Niliona fahari. Nataka uyajue haya kabla sijafika kwenye mengine.

Basi Jumapili mvua ilinyesha tangu tulipotoka kanisani. Ukaitoa ile kamera ndogo ya mazoezi uliyoazimwa kazini kwenu, ukatuonyesha mbuzi anavyowaka masikio, ukatuonyesha upara wa baba yako, ukaniambia niweke mkono ukutani. Nikauweka, nikauondoa, nikacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umerudi nyuma hatua kadhaa na kamera, unauangalia ukuta wote.

"Mama," ukasema, "hapa kulikuwa na mlango?"

Ukuta huo ndio unaotutenga na Bibi Mariamu. Paa moja, nyumba mbili, sisi upande huu, yeye upande ule, tangu wewe ukiwa mdogo wa kubebwa. Msimu wa mvua anapikia ndani, na jiko lake la makaa linakaa karibu na ukuta. Ulinieleza kwamba joto la jiko lile linapita kwenye matofali ya kuchoma tofauti na linavyopita kwenye matofali mabichi ya zamani. Mimi sikuhitaji maelezo. Nilikuwa naona mwenyewe. Ukuta wote ulikuwa wa zambarau, na katikati yake kimesimama kitu cha njano, kirefu kuliko mtu, pande zake zimenyooka, na juu yake kuna alama nyembamba ya boriti. Mlango. Chini ya chokaa niliyoipaka mimi mwenyewe kila mwaka mpya.

Babu yako, baba yangu mzazi, alifia ukimbizini Tanzania bila kurudi kuiona Rumonge yetu hii. Jioni alikuwa anachukua kijiti anatuchorea nyumba yake chini kwenye vumbi: hapa sebule, hapa chumba cha mama yenu, hapa stoo ya mawese, na hapa, katikati, mlango wa kupitia upande wa pili. Kila mara mlango katikati. Baba yako ndiye aliyetangulia kurudi kuangalia hali, sisi tukabaki tukisubiri. Nilipofika na watoto nilikuta nyumba mbili zimegeuziana migongo, mlango hakuna, na upande wa pili wanaishi Mzee Ramadhani na mke wake. Baba yako akaniambia, "Ya baba yako ni hii. Ile ni ya jirani." Nikaamini. Nikasema moyoni, masikini mzee wangu, uzee ulimchanganyia nyumba. Miaka yote hii nimemwona baba yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Ninyi mnangoja siku nyingi chombo kipoe ndipo muangalie. Mimi sikungoja hata kuvaa viatu. Nilitoka kwenye mvua, nikazunguka nyumba, nikamkuta Bibi Mariamu barazani anachambua maharage, na majirani wawili wamejikinga mvua pale. Nikamwita mwizi. Nikamwambia amelalia nyumba ya baba yangu tangu enzi hizo huku anakula chumvi yangu na kunibebea watoto. Nikamwambia, "Hapa si kwenu."

Alinyanyua uso. Hakushtuka, Aline, na hilo ndilo lililoniwasha zaidi. Akasema, "Mama Aline, mi sina kitu ya kukujibu. Muulize bwana yako."

Wewe ulikuwa umenifuata, umelowa, umenishika mkono. Ulisema, "Mama, kamera inaonyesha joto tu. Haionyeshi nani aliufunga wala kwa nini." Nikakugeukia mbele ya watu wale nikakwambia maneno ambayo tangu jana yananizunguka kichwani. "Wewe nenda kwenye nyota zako. Hapa si kwenu tena." Uliniachia mkono polepole. Ukaenda chumbani ukafunga mlango, na sikukuona tena.

Nikueleze maneno hayo nimeyatoa wapi, siyo kwa kujitetea. Kule ukimbizini tulikuwa na bomba moja na wenyeji. Ukifika na ndoo yako asubuhi, umesimama kwenye foleni kwa adabu zako zote, msichana wa rika lako anakusukuma tu na kusema, "Nendeni kwenu." Nilizaliwa pale. Kwetu ni wapi? Nilikuwa napigana. Nilirudi nyumbani nguo zimechanika, ndoo tupu, mama yangu ananiuliza maji yako wapi. Nilijiapiza kwamba siku nikifika kwetu, hakuna mtu atakayenisukuma tena. Nimekaa na joto lile tangu utoto. Nilidhani limetulia, kumbe lilikuwa linangoja mtu wa kulimwagia, na likamwagikia kikongwe mwenye ungo wa maharage, na likakumwagikia wewe.

Baba yako unamjua. Ni mtu ambaye ukimuuliza kama mvua inanyesha anatoka kwanza nje kuangalia. Jioni ile nilimuuliza mlango ule aliufunga nani, nikamwona hatoki nje kuangalia kitu. Alijibu papo hapo.

"Mimi," akasema. "Mimi na Mzee Ramadhani."

Nikakaa chini.

Alisema alipotangulia kurudi aliwakuta wanaishi nyumba nzima. Mzee Ramadhani alikuwa ameinunua kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuiuza, na hakujua. Baba yako alifika amebeba hasira zangu zote nilizompa kama posho ya njiani. Kabla hajafungua kinywa, malaria ikamwangusha palepale barazani. Bibi Mariamu akamlaza kwenye kitanda chao wenyewe. Alimnywesha uji, alimfulia, alimshika kichwa alipokuwa anatapika. Alipopata nguvu ya kukaa, Mzee Ramadhani alimletea kiti, akamwambia, "Sasa umepona, tuongee. Nyumba ni yenu. Sisi hatuna pa kwenda." Wakaongea mpaka wakachoka. Mwisho wakatafuta matofali ya kuchoma, wakauziba mlango wa katikati wao wawili, wakapiga plasta, mmoja akabaki huku, mwingine huku. Kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa, wakasema ni nyumba mbili na hakuna kesi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakujua," akasema. "Ungefika na watoto mgongoni ungewatoa siku hiyo hiyo."

Ni kweli, Aline. Ningewatoa. Ningewarushia vyombo barabarani kabla jua halijazama, na ningelala usingizi mzuri, nikijiona nimemlipia baba yangu.

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kweli, kuliko nilipoona mlango. Mwanamume aliyenioa, anayenipenda, alishika mwiko na matope akajenga ukuta ndani ya nyumba yangu ili mimi nisiwafikie watu. Akaishi na siri hiyo, kila mwaka mpya ananiangalia nikiupaka chokaa, ananisifia nimepaka vizuri. Nimemkasirikia sana. Bado nimekasirika hivi ninavyoandika, na chakula cha mchana nimempa bila kuongea. Lakini nimejiuliza, na hili sijawahi kujiuliza maishani: ni nani wengine wamenijengea ukuta bila mimi kujua? Wewe je? Kuna mambo mangapi ulikwenda kumwambia Bibi Mariamu ukaniruka mimi? Ulipofeli ule mtihani wa kwanza chuoni, nilikuja kusikia mwaka uliofuata. Nilidhani ulisahau kuniambia.

Mwanangu, huko uendako kuna siku mtu atakwambia kwa mdomo au kwa jicho kwamba hapo si kwenu. Sitakudanganya kwamba hutaumia. Utaumia. Nakuomba tu utafute mapema mahali pa kulitua hilo joto, mtu wa kumpigia simu, kanisa, rafiki wa kucheka naye, chochote, usilibebe kifuani ukadhani limekufa. Mimi sikujua kwamba linaweza kukaa hivyo. Ungenieleza mapema mambo ya nyaya zako labda ningeelewa, ila nadhani nisingekusikiliza.

Sasa sikiliza ya leo, ambayo hukuyaona.

Asubuhi nilitoka kwenda kumwomba msamaha Bibi Mariamu. Nilikuwa nimelala nikipanga maneno, mazuri tu, ya mtu mwenye heshima zake. Nikakuta godoro lake limeegemezwa ukutani nje. Sufuria zake zimefungwa kwenye kitenge. Mkeka, jiko la makaa, birika la kutawadhia, basi. Vitu vyote vya maisha ya mtu vimekaa kwenye kona moja ya baraza na nafasi imebaki. Mwenyewe amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, amevaa buibui yake ya safari, anangoja gari.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Magara, kwa mudogo wangu."

"Nani amekwambia uondoke?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Wewe. Na si jana. Hii siku nimeingojea tangu ulishuka kwa ile kamyo ya kuleta wakimbizi, na watoto."

Nikakaa naye chini, na aliyosema hapo yalinikata maini. Unakumbuka nilivyokuwa namtania kwa ajili ya sakafu yake? Mtaa mzima una sakafu ya sima, yaani saruji, yeye bado anafagia udongo, wakati mumewe alikuwa fundi. Nilimwita mchoyo. Alikuwa anacheka na kusema, "Kesho, kesho." Leo amenieleza. Walikubaliana na Mzee Ramadhani, Mungu amrehemu, kwamba hawataweka sima, hawatapanda mti wowote wa matunda, hawatanunua kitanda kikubwa ambacho hakipiti mlangoni kwa haraka. "Sijapiga hata musumari moja kwa ukuta ya mutu," akasema. Nguo zake miaka yote zimekaa ndani ya begi. Begi lile nililiona mara ngapi? Nilidhani hana kabati kwa umaskini.

Mume wake alikufa kwenye nyumba ile. Wewe ulijifunza kutembea kwenye udongo ule. Yeye yuko pale akikushika vidole na kukuhesabia hatua, na kila siku ya Mungu anajua kwamba mama yako anaweza kuamka vibaya akamtoa. Na bado alikushika vidole.

Nililia. Nililia vibaya, siyo kwa kupangusa machozi na kitenge. Bibi akasema, "Nyamaza, watu iko wanaangalia," na mimi nikashindwa. Maneno yangu mazuri yote yalipotea. Nikamshika miguu nikamwambia asiende. Akasema kitu kilichonishtua tena, maana nilidhani ukimlilia mtu anakusamehe pale pale. Akasema, "Usinirudishe kwa huruma. Huruma inaisha. Niambie iko ya nani, hii nyumba, nijue."

Nilimfikiria babu yako na kijiti chake. Sitakuficha, iliniuma. Nilimfikiria amekufa akiwa na ramani ya nyumba yake kichwani na hakuna aliyemwamini, hata mimi. Nilikaa nikaangalia mbuzi, nikaangalia barabara. Gari la Magara likaja, dereva akapiga honi, Bibi akasimama akaanza kufungasha kitenge chake vizuri.

Nikamwambia dereva aende. Halafu nikamwambia Bibi, "Upande huu ni wako. Siyo wa kukaa tu, ni wako. Ukifa, ni wa huyo mdogo wako, au wa yeyote utakayetaka." Baba yako alikuwa amesimama kwenye kona, anatusikiliza kama mwizi. Nikamwita aje asikie vizuri. Akaja, akarudia maneno yaleyale mbele ya majirani wale wa jana, kwa sababu niliwatuma watoto wa mtaani wakawaite. Nilimwita mwizi mbele yao, ilibidi na haya wayasikie.

Bibi Mariamu hakusema ameniamini. Alikaa tena juu ya beseni. Nikaona kwamba maneno yangu ameyasikia mengi, ya jana na ya leo, yanatoka mdomo mmoja. Nikaingia stoo kwetu. Ile mifuko ya sima tuliyoiweka kwa ajili ya kuongezea jiko langu, nikaivuta mmoja mmoja mpaka nje. Baba yako alileta mchanga, mimi nikaleta maji. Tumekoroga sisi wawili, tumemimina, yeye anasawazisha kwa ubao, mimi nafuata nyuma kwa mwiko, magoti yangu unayajua. Bado nilikuwa na hasira naye, lakini tulifanya kazi vizuri. Bibi alikaa nje akatuangalia tangu mwanzo. Tulipokaribia mlangoni, chumba chote kimeshajaa, alisimama akaja akachungulia. Akasema pale kona ya kulia, karibu na mlango, tumeacha shimo. Nikarudi nikalijaza.

Usiku huu atalala kwetu, chumbani kwako, na wewe utalala na mimi kama hutaki kunikasirikia zaidi. Maneno niliyokwambia kwenye mvua siwezi kuyarudisha. Kwenu ni hapa. Ukirudi baada ya mwaka, ukirudi baada ya miaka kumi na mume Mjerumani na watoto wasiojua ugali, kwenu ni hapa, na yeyote atakayekwambia vinginevyo, hata kama ni mimi, usimsikilize.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda gari, utataka kuingia upande wa Bibi kama ulivyozoea, uangalie nyumba yake. Angalia ukiwa mlangoni. Usikanyage ndani, sima bado ni mbichi.

Mama yako